Mteja anasema "ni kitu kidogo tu", kila siku chenji mpya, nifanyeje?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi ni frilansa wa moshen grafiksi, yani michoro na maandishi yanayotembea kwenye video. Nilichukua tangazo la sekunde 30, tukakubaliana marekebisho mawili. Nimeshamaliza video, sasa mteja kabadilisha skripti, anataka sauti irekodiwe upya, halafu anataka na ya wima ya kuweka TikTok. Nikilalamika anasema ni kitu kidogo tu. Nusu ya hela bado hajanipa. Nimkatalie?

JIBU: Usimkatalie, mpe bei. Leo hii, kwa maandishi, kabla hujafungua tena After Effects, programu yako ya kuanimeti: "Bosi, sauti mpya na toleo la wima ni kazi ya ziada, ni kiasi hiki na siku kadhaa, ukisema sawa naanza." Basi. Usimwandikie gazeti, wala usimpigie, maana kwenye simu atakuita mdogo wangu na utalainika.

Ila hayo "marekebisho mawili" ndo yananichosha, kila anayeniuliza anakuja nayo. Mawili ya nini sasa? Kubadili rangi ya kitufe ni rekebisho, na kubadili skripti nzima ni rekebisho? Kwa mteja zote ni chenji tu, na hajakosea, hukumwambia tofauti. Sauti ikibadilika kila kitu kinahama: maneno ulishayapanga yatokee pale msomaji anapoyatamka, sentensi ikirefuka sekunde 2 tu, kwa fremu 25 (picha moja moja zinazounda video) kwa sekunde hizo ni fremu 50 za kutafutia nafasi, vilivyofuata vyote unasogeza, muziki unapishana, na tangazo la sekunde 30 limeshakuwa la 32. Ya wima ndo usiseme. Kutoka ya mlalo, pikseli 1920 kwa 1080, kwenda 1080 kwa 1920 hukati pembeni ukamaliza, watu wawili waliosimama kando kwa kando hawaenei, unapanga upya sini baada ya sini.

Kinachokulinda ni kufunga hatua. Skripti, mteja aandike "sawa". Storibodi, yani michoro ya kila sini, "sawa". Sauti, "sawa". Ndo uanze kuanimeti, na akitaka kurudi kwenye kilichofungwa analipia, hata kama ni mara ya kwanza. WhatsApp inatosha, ila akikujibu kwa voisi nouti au kidole gumba muombe aandike, kidole gumba kesho kinakuwa "nilikuwa naonyesha nimeiona".

Sasa kuna hawa wauza kozi za frilansa, wanawaambia vijana waandike "marekebisho bila kikomo" ili wapate wateja. Uzushi mtupu, waulize wao mara ya mwisho wamerenda kitu, yani kutoa video iliyokamilika, lini. Wengine eti ongeza hela kimyakimya kwenye bei ufidie usumbufu, yani mteja mstaarabu amlipie msumbufu, na msumbufu hajui hata kama ameongezewa, anaendelea tu. Halafu wapo wa kupakua mkataba wa Kimarekani, sheria za jimbo la New York humo ndani, unampelekea mwenye duka Kariakoo asaini. Kurasa 9. Hasomi, na wewe hujasoma.

Hiyo nusu yako: mtumie video uliyomaliza ikiwa na jina lako katikati ya picha, safi aipate hela ikiingia. Na akianza kuomba faili la After Effects "ili kijana wangu wa ofisini amalizie", hilo halimo kwenye bei ya video, mpe bei yake.