Uliza Mfamasia: Tembe za mama nazitwanga

SWALI: Shikamoo mfamasia. Mama yangu ana vidonda vya utumbo mpana, ameandikiwa mesalazini. Tembe ni kubwa, zinamkwama kooni, kwa hiyo nazitwanga na kuchanganya kwenye uji wa mtama. Mwezi wa pili huu bado anaharisha damu. Je, tumeuziwa dawa feki? – Binti, Kibaigwa

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na kuuguza. Kabla ya kuishuku dawa, weka kinu chini leo hii.

Juzi, baada ya kusoma barua yako, nilitumbukiza tembe ya aina hiyo kwenye maji ya limau. Saa nzima ikapita, iko vilevile. Nikaihamishia kwenye maji ya magadi, haya haya tunayopikia mlenda hapa Dodoma. Ganda likalainika, likaanza kuchubuka, maji yakashika rangi ya udongo mwekundu.

Ganda hilo ni la polima, yaani utando unaofanana na plastiki nyembamba. Linavumilia asidi ya tumboni, linayeyuka pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, ikikaribia 7, pale asidi inapokuwa imekwisha, kule utumbo mwembamba unakoishia. Mesalazini inatibu kwa kugusa kidonda chenyewe. Ukiitwanga, sehemu kubwa inanyonywa njiani, inaingia kwenye damu na kutoka na mkojo. Mama anameza dawa kila siku, kidonda hakiipati.

Watafiti sasa wanaigawa dawa kwenye chembechembe za polima zisizofika hata milimita moja. Nyingine hufungwa kwa pektini, utomvu wa matunda unaogandisha jemu, ambayo bakteria wa utumbo mpana ndio huila na kuiachia dawa. Natamani sana zitufikie. Anayeharisha hupitisha tembe upesi mno, ila chembe ndogo hutawanyika, na baadhi hunasa palepale penye uvimbe. Nyingi bado ziko maabara.

Lakini mesalazini ya chengachenga kwenye pakiti ipo: unaziweka ulimini, unazisukuma kwa maji, hutafuni. Ipo pia ya kuingiza kwa njia ya haja kubwa. Muulizeni daktari ipi inamfaa.

Mrudishe kliniki wiki hii, na useme wazi kwamba ulikuwa unatwanga, asije akabadilishiwa dawa kwa kudhaniwa imeshindwa. Hukukosea kwa uzembe, mwanangu. Aliyekupa dawa ndiye alipaswa kukueleza. Ukiona tembe nzima chooni, litaje na hilo. Damu ikizidi, au akipata homa, msingoje tarehe ya kliniki.