Tuba ya kusafiria: pima boksi lake kwanza, tarumbeta baadaye

Wadau wa matarumbeta habari zenu. Kuna kijana kaniuliza juzi anunue besi gani ya kusafiria (yaani tuba, tarumbeta kubwa la sauti ya chini), nikaanza kumjibu kwenye simu mara naona jibu limekuwa refu kama risala, nikasema bora niliweke hapa na wengine wapate.

Nianze na aibu yangu. Miaka kadhaa nyuma tulialikwa harusi Moshi tukitokea Dar, mimi ndo besi, nilikuwa napiga susafoni, aina ya tuba ile ya kuvaa begani inakuzunguka mwili mzima na mdomo wake unachungulia juu ya kichwa. Uzuri wake ni kwamba ule mdomo mkubwa, sisi tunauita beli, unachomoka, unalegeza skrubu tatu za mkono tu umemaliza, kwa hiyo unabaki na mizigo miwili ya kueleweka badala ya mmoja wa ajabu. Konda alivyoiona akasema, "Kaka, hilo duara lete buti la huku, hilo sufuria lipeleke upande wa pili." Nikampelekea. Tumefika Moshi nimechoka, usingizi mwingi, nimeshuka na duara, basi likaondoka na sufuria kwenda Arusha.

Harusi ilikuwa kesho yake asubuhi na beli ilirudi jioni. Susafoni bila beli inapiga, msidhani haipigi, noti zipo, ila sauti inakuwa kama mtu anaongea na kichwa chake kiko ndani ya ndoo. Mzee mmoja upande wa bibi harusi alinifuata kabisa kwa upole akaniuliza, "Kijana, hiyo ya kwako imekatikia wapi?"

Kwa hiyo la kwanza, tarumbeta la kutenganishwa linageuka mizigo miwili, na kila mzigo unataka jina lake, namba yake ya simu na tiketi yake. Mi siku hizi naandika namba kwa maka pen kwenye karatasi naibandika NDANI ya beli kwa selotepu, maana ile lebo ya nje huwa inanyofoka. Afu vile vipande viwili vidogo vilivyopinda vya shingoni, vya kuunganisha na mausipisi (kipande cha kupulizia), usiviweke kwenye boksi kubwa, vinapotea kirahisi na ukivipoteza hata hilo duara huna kazi nalo.

Sasa turudi kwenye swali la kijana. Watu wakisikia tuba ndogo ya safari wanadhani wamepata tuba ile ile iliyopunguzwa. Haiko hivyo. Tuba ya Bi flati (Bi flati ni noti yake ya msingi), ile kubwa ambayo kwaya nyingi za matarumbeta za KKKT, Kanisa la Kilutheri Tanzania, wanayo, bomba lake ukilinyoosha lote linafika kama mita 5.5, na hakuna fundi duniani anayeweza kulifupisha ikabaki Bi flati. Anachofanya ni kulikunja zaidi, kona nyingi zaidi na kubana nafasi, au anapunguza unene wa bomba na upana wa beli. Ndo maana ukiipuliza unasikia ile nyama ya sauti imepungua. Njia nyingine ni kwenda kwenye tuba ya Efu, bomba lake ni kama mita 3.7, hapo udogo ni wa kweli. Na sio kitu cha ajabu maana tuba ya kwanza kabisa, ile iliyopewa hataza Berlin mwaka 1835, ilikuwa ya Efu. Wajerumani wana mtindo wanauita Tornister, maana yake begi la mgongoni la askari, na kweli unaivaa mgongoni unapanda nayo bodaboda dereva hasemi kitu.

Mi nilichukua hiyo ya Efu, imeshatumika, na sijuti, ila nikwambie ukweli, vidole vyote vinabadilika. Wimbo ambao umeupiga miaka kumi unajikuta unaupiga kama mgeni, mkono unakimbilia valvu (kile cha kubonyeza kwa kidole) ya zamani sauti inatoka nyingine, jumapili ya kwanza nilipiga amina vibaya mpaka mwalimu akageuka. Jipe miezi miwili mitatu kabla ya safari, sio wiki.

Safari yenyewe ilikuwa Mei 2024, kwenda Hamburg kwenye ule mkutano mkubwa wa wapiga tarumbeta wa makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani. Nimefika kaunta uwanja wa ndege najiamini kabisa, tuba yangu ndogo, boksi lake gumu jipya lina magurudumu, najiona mzungu. Dada wa kaunta akatoa futi ya fundi cherehani. Mizigo ya kawaida kwenye mashirika mengi mwisho ni kilo 23 na jumla ya urefu, upana na kina isizidi sentimita 158. Akapima 79, akapima 46, akapima 37. Mi nilishawahi kupima nyumbani nikapata 158 kamili, sasa yeye anapata 162, nikamwambia dada yangu rudia, akarudia, 162. Nikainama nikaangalia futi inapoanzia. Magurudumu! Mi nilipima boksi, yeye anapima na magurudumu, na yana sentimita nne. Nikamwomba sana, nikamwambia mama yangu ni mgonjwa wa presha usinipe presha na mimi, akacheka, ila hela ya mzigo uliozidi nililipa.

Tulivyokuwa tunarudi niliomba bisibisi kwa mwenyeji wangu nikayafungua magurudumu yote mawili nikayatia kwenye soksi. Nikapita bila neno.

Ndo maana nasema ukienda kununua usiulize tuba ina urefu gani, uliza boksi lake likiwa limefungwa, na vishikio, na magurudumu, na kila kinachochomoza, lina jumla gani. Kuna tuba ndogo nzuri sana zinauzwa na boksi la hovyo kubwa kama friji. Kwa wanaoenda Marekani kwenu ni nafuu, sheria yao inataka mashirika ya ndege ya Marekani yapokee chombo cha muziki kama mzigo mpaka jumla ya sentimita 381 na kilo 75 kama ndege ina nafasi, japo ada wanaweza kukutoza.

Kupaki. Watu wengi wanajaza nguo nje ya tuba na ndani ya beli wanaacha wazi, mi nafanya vyote, ila nguo laini, sio viatu. Sehemu inayoumia sana ni pale beli inapoanza kupanuka na yale mabomba membamba karibu na valvu, kwa sababu boksi likidondoka wima uzito wa tuba unaendelea kushuka hata kama boksi limeshasimama. Hakikisha tuba haichezi kabisa, ukitikisa boksi usisikie kitu. Mafuta ya valvu yako kwenye chupa ndogo, mkononi ndani ya ndege kwenye viwanja vingi mwisho ni mililita 100.

Kama umechukua ile ya beli ya kufunga kwa ringi ya uzi (inazungushwa kukazwa kama kifuniko cha chupa), vumbi la njiani ndo adui. Safisha uzi kwa mswaki mkavu wa zamani, paka grisi ya slaidi (ile ya mabomba ya kuvuta) kidogo sana, afu usianze kukaza moja kwa moja. Zungusha kwanza kinyume taratibu mpaka usikie kitu kimedondoka "tak", hapo ndo ukaze kwenda mbele, kwa vidole tu. Ukikaza ikiwa imekaa upande unaua uzi, na ukiilegeza mno inakuwa inatetemeka kama nyuki kwenye noti za chini.

Halafu kabla hujalipia chochote waulize wenyeji kama wana tuba. Nimefika kule nakuta kabati la kanisa lina tuba tatu, kubwa, safi, hazina mtu. Mzee wa pale akaniambia si ungesema tu. Wiki nzima nikapiga ya kwao na mausipisi yangu mwenyewe, ile ya Efu ikakaa chumbani na magurudumu yake.