Gari jipya la Formula: pima joto kwanza, ziba matundu baadaye

Siku ya kwanza ya majaribio, litoeni gari likiwa na matundu yote ya kutolea hewa moto wazi. Spidi itapungua kidogo kwenye sehemu iliyonyooka, lakini kuchemsha kunagharimu zaidi. Mwaka 2014 kwenye majaribio ya Jerez, Hispania, timu ya Red Bull, mabingwa wa Formula 1 kwa misimu minne mfululizo, walimaliza siku nne na mizunguko 21 tu. Mojawapo ya matatizo yao lilikuwa bodi iliyobana mno, joto likakosa pa kutokea.

Mkishajaza maji ya rejeta, washeni injini na mtoe upepo wote. Hewa ikinaswa kwenye mpira wa juu, kipimo cha joto kitaruka na kushuka ovyo, nanyi mtaanza kukata bodi isiyo na kosa.

Joto la maji peke yake halisemi kitu. Andikeni tofauti kati yake na joto la hewa, baada ya mizunguko mitano au sita ya mwendo uleule. Maji yakiwa nyuzi 100 na hewa nyuzi 15, tofauti ni 85. Siku ya nyuzi 35, yatakaribia 120. Wengi huziba matundu asubuhi ya baridi, kisha mchana wa mbio wanachemsha. Acheni akiba pia kwa ajili ya kufuata gari jingine kwa karibu, maana hewa ya nyuma yake ni ya moto na imepoteza nguvu.

Mkianza kuziba, anzieni nyuma, tundu mojamoja. Tepu kwenye mdomo wa ubavu, pale hewa ya kupoza inapoingilia, ni njia rahisi, lakini ni mbaya: hewa iliyokosa kuingia humwagika pembeni na kuvuruga ile inayokwenda sakafuni na kwenye bawa la nyuma. Joto mtakuwa mmelirekebisha, lakini mgandamizo, yaani nguvu ya hewa inayolikandamiza gari chini, mmeuharibu.

Ili kuona hewa inavyopita, changanyeni unga wa rangi inayong'aa na mafuta ya taa. Ukiwa mzito, haujongei. Ukiwa mwepesi, unatiririka kabla gari halijashika kasi. Pakeni dakika ya mwisho, mbali na vitundu vya sensa. Dereva aende moja kwa moja kwenye spidi iliyopangwa, arudi, na picha zipigwe papo hapo. Angalieni kwa karibu nyuma ya kila tundu: michirizi myembamba iliyonyooka ni hewa iliyoshika bodi. Ikikatika ghafla na rangi kujikusanya kama kidimbwi, au ikigeukia mbele, hewa imebanduka hapo. Michirizi inayoshuka wima msiihesabu. Hiyo ni rangi iliyochuruzika gari likiwa limesimama.

Kwa vipimo vya shinikizo, shikeni spidi moja bila kuyumba. Mgandamizo hufuata mraba wa spidi ya hewa: kutoka kilomita 200 hadi 210 kwa saa tu, unaongezeka kwa takriban asilimia 10. Upepo wa mbele unatosha kuwapa tofauti hiyo, mkadhani kipande kipya kimefanya kazi.

Kwa hiyo pimeni kipande cha zamani, kipya, kisha cha zamani tena. Kipimo cha tatu kisipolingana na cha kwanza, kilichobadilika ni upepo, mafuta tangini, matairi au barabara. Futeni vipimo vyote vitatu, mrudie.