Kabla hujanunua kipima upepo cha bei mbaya

Mtu akianza kupiga shabaha za mbali kwa bunduki, mita 500 na kuendelea, hachelewi kuambiwa anunue kipima upepo cha Kestrel 5700 Elite. Sina ugomvi nayo. Inapima upepo, joto, mgandamizo wa hewa na unyevu, na ndani yake mna kikokotoo cha Applied Ballistics kinachokupa marekebisho ya darubini papo hapo. Tatizo ni bei, ambayo inaweza kulingana na ya darubini nzuri ya kuanzia. Nimepiga muda mrefu kwa kutumia vifaa vya bei ya chini, na nikiulizwa leo nitashauri hivyo hivyo: anza na simu uliyonayo mkononi, ongeza kipima upepo cha kawaida, na fedha inayobaki ipeleke kwenye kronografu (kifaa cha kupima kasi ya risasi) na risasi za mazoezi.

Kwa nini simu? Kwa sababu kinachoamua risasi itapunguzwa mwendo kiasi gani ni uzito wa hewa, na uzito huo unatokana hasa na mambo mawili, mgandamizo na joto. Joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, hewa inakuwa nyepesi kwa karibu asilimia 3.5. Unyevu husifiwa sana kwenye matangazo ya vifaa, lakini kwenye joto la nyuzi 20, tofauti kati ya hewa kavu kabisa na hewa iliyoshiba unyevu haifiki asilimia 1. Weka asilimia 50 kwenye programu yako ya balistiki, ile ya simu inayokokotoa njia ya risasi, na usahau. (Tena wanaoamini kwamba hewa yenye unyevu ni nzito zaidi wamegeuza mambo: ni nyepesi.) Kwa hiyo usiongeze hata senti kwa ajili ya kipima unyevu.

Joto unaweza kulipima kwa kipimajoto chochote cha kuaminika, mradi kiwe kivulini na hewa ikipite. Kifaa kilichotoka kwenye gari lililofungwa, au kilichoshikwa kiganjani muda mrefu, kitakusomea joto la gari au la kiganja. Kipe dakika kadhaa kitulie.

Mgandamizo ndio wa kuutazama kwa macho mawili. Simu nyingi za daraja la kati na la juu zina kihisi chake; iPhone 6 ya mwaka 2014 ilikuja nacho, na nyingi zilizofuata pia. Unachohitaji ni programu ndogo ya kukisoma. Itakuonyesha mgandamizo halisi wa mahali uliposimama, na hicho ndicho kikokotoo cha balistiki kinachotaka. Namba unayoisikia kwenye taarifa ya hali ya hewa ni kitu kingine kabisa: imerekebishwa ionekane kana kwamba imepimwa usawa wa bahari, ili vituo vya mlimani na vya pwani viweze kulinganishwa. Ukiwa mwinuko wa mita 1,500, mgandamizo halisi unakaribia hektopaskali 845, wakati taarifa inaweza kusema 1,013. Ukiingiza hiyo 1,013 kama mgandamizo halisi, programu itaamini hewa ni nzito kwa karibu moja ya tano kuliko ilivyo. Kwa risasi ya bunduki ya .308 yenye kichwa cha uzito wa greni 175, kosa hilo linazidi nusu mil (mil ni kipimo cha pembe kinachotumika kurekebisha darubini) ukifika mita 800, yaani zaidi ya sentimita 40 juu ya shabaha. Hakuna tofauti ya bei kati ya kifaa na kifaa inayoweza kuleta madhara makubwa kiasi hicho.

Hata mwenye Kestrel asijione yuko salama. Ile sehemu ya mwinuko wa rejea kwenye kipima mgandamizo ikiwa na namba yoyote badala ya sifuri, kifaa nacho kitakupa namba iliyorekebishwa. Na kwenye programu, chagua moja: ama mgandamizo halisi peke yake, ama mwinuko pamoja na mgandamizo wa usawa wa bahari. Kikokotoo cha bure cha JBM Ballistics kina kisanduku cha kuchagua kama mgandamizo umerekebishwa au la. Ni kidogo, na watu wengi hupita bila kukiona.

Sasa upepo. Hapa ndipo kipima upepo kinahitajika kweli, na hapa pia ndipo watu hutarajia makubwa kuliko kinavyoweza. Kipima upepo kinajua upepo wa pale ulipo tu. Hakijui lolote kuhusu bonde lililo katikati wala ukuta wa udongo ulio karibu na shabaha. Upepo wa karibu nawe una uzito wake, maana risasi ikisukumwa mapema hubaki na mwelekeo huo njia nzima, lakini si habari yote.

Tufanye hesabu kidogo. Kwa risasi ile ile ya .308, upepo wa mita 1 kwa sekunde unaokata ubavuni unaisogeza karibu sentimita 20 kwenye umbali wa mita 600. Kestrel hutajwa kuwa na kosa la asilimia 3. Tuseme kifaa rahisi kina kosa la asilimia 5, na upepo ni mita 4 kwa sekunde: hilo ni kosa la mita 0.2, sawa na sentimita 4 hivi kwenye shabaha. Upepo wenyewe kati yako na shabaha unaweza kutofautiana kwa mita 1 au 2, na kugeuka upande kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Ndiyo maana siwezi kumshauri mtu alipie usahihi ambao upepo wenyewe utaumeza.

Ukienda kununua, utakutana na aina tatu. Vyenye panga dogo linalozunguka lazima vielekezwe kwenye upepo. Ukivipinda sana vinasoma pungufu. Vyenye vikombe husoma upepo wa kila upande bila kuelekezwa, ingawa ni vikubwa kidogo mfukoni. Vinavyotumia mawimbi ya sauti havina kitu kinachozunguka wala kuchakaa, lakini bei yao huwa juu. Mimi napendelea vya panga dogo lenye kubadilishwa, kwa sababu vumbi na mchanga ndivyo vinavyoua vifaa hivi. Kestrel za chini, kama 1000 inayopima upepo tu au 2500 inayoongeza joto na mgandamizo, zinabadilishwa panga kwa mkono bila fundi. Kama simu yako haina kihisi cha mgandamizo, 2500 ndiyo ningeifikiria kwanza. Vile vya bei ya chini kabisa visivyo na jina navyo hufaa, ila kwanza visimamishe bega kwa bega na cha mwenzako uwanjani uone kama vinasema lugha moja kwenye upepo mdogo. Vingi huchelewa kuanza kuzunguka.

Kisha kitumie kama mwalimu. Tazama nyasi, vumbi, mvuke wa joto kwenye darubini, ukadirie, ndipo uinue kifaa uone. Baada ya muda utakuwa unakadiria upepo wa kule mbele ambao hakuna kifaa mfukoni kinachoweza kuufikia. Na pembe usiisahau: upepo unaokuja kwa nyuzi 30 kutoka mstari wa shabaha unasukuma nusu tu ya nguvu yake, na wa nyuzi 45 karibu asilimia 70.

Kuhusu programu sina maneno mengi, kwa sababu zilizo nzuri hukaribiana sana zikipewa namba sahihi. Hornady 4DOF na Lapua Ballistics ni za bure na zinatumia vipimo vya rada vya vichwa vya risasi vya kampuni hizo, kwa hiyo ukipiga risasi zao huna sababu ya kwenda mbali. Vinginevyo tafuta inayokubali G7. G1 na G7 ni vielelezo vya jinsi hewa inavyopunguza mwendo wa risasi, na G7 inafanana zaidi na vichwa virefu vyenye mkia uliochongoka kuliko G1. Iwe inafanya kazi bila intaneti. Iwe inakuruhusu kuingiza mgandamizo halisi. Mengine ni mapambo. Ukiwa na shaka, ingiza namba zile zile kwenye JBM. Zikitofautiana sana, kuna sehemu umejaza vibaya.

Namba inayoharibu majibu ya programu mara nyingi ni kasi ya risasi inapotoka mdomoni mwa mtutu. Iliyoandikwa kwenye boksi ilipimwa kwa mtutu mwingine, pengine mrefu kuliko wako. Kosa la mita 10 kwa sekunde ni karibu robo ya mil kwenye mita 800. Hapo ndipo ile fedha uliyookoa inapofanya kazi: kronografu ya kawaida, hata ya kuazima, itakusaidia kuliko kuhama kutoka kipima upepo rahisi kwenda cha gharama. Ukishapata kasi, piga mbali, ulinganishe na programu, urekebishe kasi kidogo kidogo hadi vikubaliane. Lakini kabla hujagusa namba yoyote, hakikisha bunduki inapiga sifuri kwenye mita 100 (yaani risasi inatua pale pale darubini inapolenga), umbali wa shabaha umepimwa sawasawa, na darubini inasogea kweli kiasi inachodai. Mil 1 ni sentimita 10 kwenye mita 100. Pigia karatasi kubwa uone.

Jambo la mwisho ni simu yenyewe. Jua kali huizima, betri huisha, na programu hupotea: Strelok Pro ilipendwa na wapigaji wengi duniani, kisha ikaondolewa kwenye maduka ya programu. Kwa hiyo ukimaliza kusahihisha namba zako, toa jedwali kwa mgandamizo wa uwanja wako, safu tatu za joto la nyuzi 10, 20 na 30, kila baada ya mita 50, lichapishe kwa herufi kubwa na ulibandike kitakoni mwa bunduki kwa gundi ya karatasi isiyopitisha maji.