Kabla ya wati, uliza omu

Sabufa yangu ya kwanza ilipiga dakika ishirini tu. Nilikuwa natoka Kariakoo kurudi Mbagala, vioo nimepandisha, bezi inausukuma mgongo wa kiti. Tulipokaribia Mtongani ikanyamaza. Spika za milangoni zikaendelea kuimba, nyuma kimya. Nikaegesha, nikafungua buti: amplifaya imewasha taa nyekundu na bati lake lina moto wa pasi. Ilipopoa ikapiga nyimbo mbili, ikazima tena. Siku ya tatu haikuwaka kabisa.

Dukani nilikuwa nimeuliza swali moja: "Kaka, hii ina wati ngapi?" Ndilo swali tunalouliza wengi, na ndilo lililoniunguzia amplifaya. Swali la kwanza ni la omu.

Omu ni kipimo cha jinsi koili ya spika, yaani waya iliyozungushwa inayoisukuma karatasi yake, inavyouzuia umeme. Zikiwa nyingi, umeme unapita kidogo. Zikiwa chache, unapita mwingi. Amplifaya yangu ilikuwa ya chaneli moja, na kijitabu chake kiliandika wazi: wati 300 kwenye omu 4, wati 500 kwenye omu 2, usishuke chini ya hapo. Sabufa niliyouziwa ilikuwa na koili mbili, kila moja omu 2. Fundi akaziunga sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi. Koili mbili za omu 2 zikiungwa sambamba zinakuwa omu 1. Amplifaya ikadaiwa mkondo maradufu ya ule iliotengenezewa kuutoa. Sabufa ilikuwa nzima, amplifaya ilikuwa nzima, ila hazikufaa kukaa pamoja.

Kwa hiyo anza na amplifaya. Soma kijitabu au maandishi ya ubavuni, tafuta omu za chini kabisa inazovumilia, halafu ndipo utafute sabufa ya kufika hapo. Hesabu yake ni nyepesi. Sabufa moja yenye koili mbili za omu 4 inakupa omu 2 ukiunga sambamba, au omu 8 ukiunga kwa mfululizo. Yenye koili mbili za omu 2 inakupa omu 1 sambamba, au omu 4 kwa mfululizo. Ukitaka sabufa mbili za koili za omu 4, ukiunga koili zote nne sambamba unashuka hadi omu 1. Ukiunga kila sabufa kwa mfululizo kisha sabufa zenyewe sambamba, unapata omu 4. Mbili za koili za omu 2 kwa mtindo huo wa pili zinatoa omu 2.

Kwenye mfululizo, hasi ya koili ya kwanza inaingia kwenye chanya ya koili ya pili, na zile ncha mbili zinazobaki ndizo zinakwenda kwenye amplifaya. Kuwa makini hapa. Ukigeuza koili moja, hii inasukuma karatasi ya spika mbele, ile inaivuta nyuma, na bezi inakufa wakati umeme bado unaziunguza koili zote mbili.

Mwenye amplifaya ya chaneli mbili anayetaka kuziunganisha chaneli zipige sabufa moja, aelewe kwamba kila chaneli inaiona nusu ya omu za sabufa. Kama kila chaneli inavumilia omu 2, sabufa isiwe chini ya omu 4.

Siku hizi siondoki kwa fundi kabla ya kupima. Maltimita ya bei rahisi inatosha. Gusanisha ncha zake kwanza uone inasoma ngapi, mara nyingi ni 0.2 au 0.3, uitoe hiyo kwenye jibu. Kisha pima zile waya mbili zinazokwenda kwenye amplifaya kabla hazijafungwa. Koili ya omu 4 itasoma 3 na kitu, na hilo ni sawa, kwa sababu maltimita inapima waya iliyotulia, si spika inayocheza. Ila ukitarajia omu 2 na ukaona 0.9, mwambie fundi afungue.

Baada ya omu ndipo wati, tena zile za RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaibeba mfululizo. Ile 2000 iliyochapwa kwa herufi kubwa kwenye boksi iache hapo hapo dukani. Nilichagua sabufa ya inchi 12 ya wati 500 RMS, koili mbili za omu 4, kwa amplifaya ya wati 500 kwenye omu 2. Boksi la mbao nilichonga kwa vipimo vya karatasi iliyokuja na sabufa.

Waya ndio sehemu watu wanabana pesa. Wati 500 kwenye umeme wa gari ni karibu ampia 50 bezi inapokita kwa nguvu zote, hata kwa amplifaya isiyopoteza umeme sana. Nilitumia waya ya shaba ya milimita za mraba 20 hivi. Kwangua ncha kwa kisu kabla ya kulipa: ikiwa nyeupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, inabidi uchukue nene zaidi. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, isizidi nusu mita, kwa sababu inailinda waya inayopita chini ya zulia isije ikawasha gari. Ethi, yaani waya ya hasi ya amplifaya, iwe fupi, ifungwe kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi hadi chuma king'ae.

Mwisho ni gaini, kile kitufe cha amplifaya kinacholinganisha nguvu yake na mawimbi yanayotoka kwenye redio, na hiyo si sauti. Ukiizidisha, mawimbi yanakatwa vichwa, na koili inaungua hata kama wati zimelingana. Chomoa waya za sabufa, zima bezi ya kuongeza, cheza mlio wa hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) redio ikiwa robo tatu ya sauti, kisha pandisha gaini polepole huku ukipima volti za AC kwenye matokeo ya amplifaya. Volti za kuishia unazipata hivi: zidisha wati kwa omu, tafuta kipeuo cha pili. Kwangu 500 mara 2 ni 1000, kipeuo chake ni volti 31.6. Nilipofika 31 niliacha. Kichujio, kinachoiachia sabufa sauti nzito tu, nikakiweka hezi 80.

Wiki ya kwanza kila nikifika nyumbani nilikuwa nafungua boneti na kushika kishikio cha fyuzi. Kikiwa cha moto, kuna skrubu imelegea. Changu nilikaza mara moja tu.