Sheria imemsamehe, na Mungu je?

SWALI: Mwaka 2015 nilimkopesha shemeji yangu shilingi 40,000 za mashine ya kusaga, alipe Krismasi. Sasa anasema sheria imemsamehe, na kila Jumapili tunasali naye hapa Kondele. Ni kweli?
Mama Otis, Kisumu

JIBU: Mama Otis, sheria haijamsamehe. Deni la mkataba lina miaka 6 ya kupelekwa kortini. Ikipita, korti haisikilizi tena, maana mashahidi hufa na ushahidi hupotea. Deni lenyewe lipo palepale, na dhamiri haina kikomo cha muda. Hilo naliamini kabisa. Ibara ya 159 ya Katiba ya 2010 inahimiza maridhiano, basi mwite mbele ya wazee wa kanisa. Akilipa hata shilingi 1,000, au akikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yake, miaka 6 huanza upya.