Kuhama Pemba kuja Unguja: usihesabu kilomita

Nilipohamisha nyumba kutoka Wete kuja Jang'ombe nilipiga hesabu ya njia tu. Wete mpaka bandari ya Mkoani ni kiasi cha kilomita 60, na bandari ya Malindi, hapa Unguja, mpaka Jang'ombe ni pua na mdomo. Nikaona kazi ya siku moja. Ilinichukua siku tatu na kioo cha kabati.

Kumbe cha kuhesabu ni mara ngapi mzigo utabebwa. Wangu ulipakiwa Wete, ukashushwa Mkoani, ukaingizwa melini, ukatolewa Malindi, ukapakiwa gari nyengine, ukashushwa Jang'ombe. Mara sita! Kioo kilivunjika ile mara ya nne, na hamali akanitazama kama aliyekivunja ni mimi.

Kwa hiyo ukipata meli inayobeba magari, ulizia bei ya kulivusha lori lenyewe na mzigo wake. Bei itakuuma. Lakini jumlisha kwanza ujira wa mahamali wa bandari mbili na gari ya pili ya Unguja, ndipo uamue. Mwenye magodoro na masufuria akodi gari mbili, hana hasara. Mwenye friji na makabati, mimi ningemwambia avushe lori.

Kuhusu kuendesha: nililichukua lori bila dereva ili nibane pesa, na mazoea yangu yalikuwa pikapu. Pemba ni milima, na lori lililoshiba halisimami pale unapotaka wewe. Kabla ya Chake niliteremka kilima kirefu mguu uko kwenye breki toka juu hadi chini. Ulikuwa msimu wa karafuu, majamvi yametandazwa ukingoni mwa barabara, na bibi mmoja aliyekuwa akizigeuza akapiga ukelele: "Mwanangu we, simama! Gari yako yanuka!" Kweli, magurudumu ya mbele yalikuwa yakifuka moshi. Kijana akaja mbio na ndoo ya maji. Usikubali maji, chuma cha moto kikipozwa ghafla huweza kupasuka. Nilikaa kivulini karibu saa nzima mpaka breki zikapoa zenyewe.

Tangu hapo naweka gia ndogo kabla sijaanza kuteremka, ile ile ambayo ningepandia, na injini ndiyo inayolishika gari. Breki naigusa, naiachia. Kama leseni yako si ya gari ya uzito huo, lipa dereva na usibishane na mtu.

Kabla hujatoa pesa, lizunguke lori pamoja na mwenye gari, mpige picha kila mchubuko, mtazame tairi na bima, na muelewane mafuta ni juu ya nani. Na chukua barua ya sheha (mkuu wa shehia) wa unakotoka, sheha wa unakokwenda ataiuliza.

Vizito vikae mbele, nyuma ya kichwa cha gari, na chini. Kioo kisilazwe, kisimamishe katikati ya magodoro mawili. Friji isafiri imesimama, na ukifika iache masaa kadhaa kabla ya kuiwasha. Turubali ufunge hata kama jua linawaka, kwa sababu ya vumbi na maji ya chumvi bandarini.

Tena nenda ukaione njia ya mwisho kabla ya siku yenyewe. Gari yangu ile ya pili haikuingia uchochoroni kwetu, nyaya ziko chini na kona ni ya baiskeli. Mita 100 za mwisho zilikwenda kwa gari la hamali, yaani mkokoteni, safari kumi na moja, kwa bei ya mtu aliyekwishajua kuwa sina pa kukimbilia.

Nati za samadari zifunge kwenye kitambaa, ukifungie kwenye mguu wa kitanda chenyewe. Mimi nilizitia "mahali pazuri". Tumelala chini siku nane, mpaka mke wangu alipotaka kupika chai ya wageni akasikia kitu kinagonga ndani ya birika.